Habari za Nyuma katika Riwaya: Mifano ya Mara na Ukerewe

Riwaya nyingi za Kiswahili huanza mara mbili. Katika ukurasa wa kwanza mtu huonekana akitenda jambo: yu gatini akingoja chombo, au abisha hodi katika nyumba asiyoijua, au apokea barua na mikono yake yatetemeka. Msomaji huanza kumpenda, au kumshuku, na kutaka kujua litakalompata. Kisha katika ukurasa wa pili mwandishi humwacha mtu huyo amesimama mlangoni, akarudi nyuma miaka arobaini ili aeleze kuzaliwa kwa baba yake, ukoo wa mama yake, shule alizosoma, na ugomvi wa shamba uliotokea kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Kurasa ishirini hupita hivyo. Hodi haijaitikiwa, na wakati mwandishi anapokumbuka kurudi mlangoni, msomaji amekwisha kusahau ni nani aliyebisha na kwa nini.

Mambo yaliyotukia kabla ya ukurasa wa kwanza, ambayo yana nguvu juu ya yale yatakayotukia baadaye, yaweza kuitwa habari za nyuma. Habari hizo zisichanganywe na kisengerenyuma, ambacho ni mbinu ya kumrudisha msomaji akalione tukio la zamani kana kwamba latukia mbele ya macho yake. Kisengerenyuma ni njia moja tu ya kuzileta habari za nyuma, na mara nyingi ndiyo iliyo ghali kuliko zote, kwa kuwa huisimamisha hadithi. Hapana haja ya kuuliza kama riwaya iwe na habari za nyuma au isiwe nazo. Hakuna mtu mzima asiye nazo, na mhusika asiye nazo ni kivuli. Lililo gumu ni kuamua nani azitoe, lini, na kwa haja gani. Vitabu vitakavyotajwa hapa vyaonyesha kwamba habari ya nyuma huingia vizuri pale ambapo mtu fulani aliye ndani ya hadithi anaidai, au ana faida au hasara katika kutajwa kwake. Huingia vibaya pale ambapo mwandishi peke yake ndiye aonaye kuwa yafaa ijulikane.

Jambo hili ni zito kwa mwandishi yeyote, lakini lamlemea zaidi mwandishi atokaye Musoma, Bunda au Butiama. Mwandishi wa Unguja akimtaja mvuvi wa dau au mke wa mwenye duka, nusu ya kazi imekwisha kufanywa na waliomtangulia, kwa kuwa msomaji amekwisha kuwakuta watu hao katika vitabu vingi. Mwandishi wa Mara hana urithi huo. Ajua kwamba msomaji wa Tanga au wa Mombasa hawezi kumpambanua Mjita na Mkwaya, wala Mzanaki na Mwikizu, wala hajui kwamba Mkurya, Mjaluo, Mwikoma na Mnata wote ni watu wa mkoa huo mmoja. Ajua pia kwamba nyumba za kwao zimebeba mambo mengi: Hifadhi ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951 na watu waliolazimika kuyaacha mawindo na malisho yao ya kale, dhahabu ya Buhemba, vijana waliokwenda kupigana katika jeshi la King's African Rifles, vijiji vya miaka ya 1970, Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililowataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Hujiambia kwamba msomaji asipoyajua haya hataelewa kwa nini mzee mmoja wa Bunda akataa kuuza dume lake. Basi huandika sura nzima ya historia. Sura hiyo huwa ya kweli, hata imechunguzwa vema, nayo huiua riwaya.

Hasara yake si ya sanaa peke yake. Mtu akiisha kuelezwa kabila, ukoo, mila na historia yake kabla hajafumbua kinywa, msomaji humtazama kama kifaa kilichowekwa nyuma ya kioo katika jumba la makumbusho na karatasi ndogo ya maelezo chini yake. Hatamchukia, wala hatamwogopa, wala hatamcheka. Mzee wa Bunda atakuwa mfano wa wazee wa Bunda, na dume lake litakuwa mfano wa mifugo.

Ni ajabu kwamba udhaifu huu wapatikana katika nchi ambayo wasimulizi wake wa mdomo hawana. Masimulizi ya kale ya watu wa Mara hayapangwi kwa miaka. Hushikwa na mahali na rika: kilima fulani, mto fulani, kundi fulani la waliotahiriwa pamoja, njaa fulani yenye jina lake. Waikizu, ambao nchi yao imo Bunda, humkumbuka Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, na kumbukumbu hiyo haikai hewani. Imefungwa katika mahali pa kutambikia na katika haki ya kutawala. Asemaye habari zake asema kwa sababu kuna jambo la kuthibitisha. Ndivyo ilivyo hata katika mambo madogo. Wazee wakikutana kuzungumza mahari, hakuna asimamaye na kuhutubu ukoo wake tangu mwanzo. Huulizwa. Kijana huyu ni wa nani? Babu yake ndiye yule aliyehamia kutoka ng'ambo? Na ng'ombe wale wa shangazi yake, walilipwa wakaisha? Kila swali lina ng'ombe nyuma yake, na kila jibu laweza kuongeza au kupunguza mmoja. Kwa hiyo habari za vizazi vitatu husemwa katika saa moja, na hakuna asinziaye.

Mwandishi aliyeufuata mwendo huu kuliko wote katika nchi za ziwa ni Aniceti Kitereza, wa kisiwa cha Ukerewe, ambacho mtu hukifikia kwa kivuko kutoka Kisorya katika wilaya ya Bunda. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akamaliza kuiandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaigeuza mwenyewe katika Kiswahili, na ikatoka katika chapa mwaka 1980 chini ya jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki. Nia yake ilikuwa kuhifadhi lugha na desturi za wazee wake zisipotee, yaani ile ile nia iwapotezayo waandishi wengi wa leo. Mtu mwenye nia hiyo alitazamiwa aanze kwa kueleza Ukerewe, watawala wake, koo zake na sheria za ndoa.

Lakini Kitereza alianza na mke aliyechukuliwa na wazazi wake. Myombekere na Bugonoka hawajapata mtoto. Jamaa za mume wametoa maneno ya kumdharau mke. Wazazi wa mke wamekuja kumtwaa binti yao. Ndoa, miaka ya kungoja, matusi, yote hayo yako nyuma ya hadithi. Nayo hutolewa yanapotakiwa. Myombekere hana budi kwenda ukweni kumwomba mkewe, na huko ukweni hawezi kupewa mke kwa kuonewa huruma tu. Lazima mambo yasemwe: nani alitamka nini, nani alinyamaza alipopaswa kusema, na nani alipe. Adhabu ni pombe, nayo yataka ndizi, na mitungi, na majirani wa kusaidia, na siku za kungoja iive. Msomaji ajifunza sheria ya ndoa ya Wakerewe pamoja na habari za nyuma za watu wawili, na asiyajue hayo kuwa masomo, kwa sababu moyo wake uko pamoja na mtu anayetaka kulala na mkewe nyumbani kwake tena.

Wako wanaomlaumu Kitereza kwa urefu, na lawama hiyo ina haki kiasi. Asimulia upikaji wa pombe kama mtu ambaye hana shamba la kulima kesho. Lakini urefu wake wote ni urefu wa kwenda mbele. Desturi zake hutendwa, na kila inapotendwa kuna mtu aliyechoka, au aliyekasirika, au anayeona haya. Hata watoto waliozaliwa baada ya dawa za mganga Kibuguma wamepewa majina ambayo kwa Kikerewe ni maneno kamili ya mashaka, na kwa hiyo kila wanapoitwa kula au kuchota maji, shida ya wazazi wao yatajwa tena bila msimulizi kuongeza neno. Ni shida kupata mahali pengine katika riwaya za Kiswahili ambapo habari za nyuma zimebebwa kwa gharama ndogo namna hiyo. Watu wa Musoma na Butiama, ambao nao huwapa watoto majina kwa kukumbuka matukio na wafu, wanayo hazina hiyo hiyo mikononi, na waandishi wao huiacha ilale.

Shaaban Robert naye aliijua siri hii, ijapokuwa alikuwa mtu wa pwani na tabia yake ya uandishi ni mbali sana na ya Kitereza. Katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, mtu mwema anaonekana akiwapiga manyani wawili usiku. Habari hiyo inamfikia Mfalme Rai, naye adai maelezo. Kitabu karibu chote ni maelezo hayo. Katika Kusadikika, ya mwaka 1951, Karama asimama mbele ya baraza akishtakiwa, na safari za wajumbe sita waliomtangulia ndizo utetezi wake. Katika vitabu vyote viwili yaliyopita yametakwa na mwenye mamlaka, na msemaji aweza kupotea asiposema vema. Yafaa kusema pia kwamba wahusika wa Shaaban Robert hawabadiliki sana kwa kusema huko. Karama ni Karama tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ufundi wa mlango wa kuingilia haukosekani.

Mfano ulio karibu zaidi na Mara umo katika tamthilia mbili zilizofasiriwa na mtu wa Butiama. Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizi zimesifiwa mara nyingi kwa ajili ya lugha yake, na ni haki. Ni mara chache zimesomwa na watungaji wa riwaya kama darasa la kuzitumia habari za nyuma, na hilo ni pungufu, kwa kuwa mtunzi wa tamthilia hana msimulizi wa kumsaidia. Kila ajualo mtazamaji ni lazima litoke kinywani mwa mtu aliye jukwaani, na mtu huyo hasemi bure.

Tazama jinsi ile ya kwanza inavyoanza. Mtazamaji lazima ajue kwamba kabla ya Caesar kulikuwa na Pompey, kwamba watu wa Roma walimpenda Pompey, na kwamba Caesar amerudi akishangilia ushindi juu ya wana wa Pompey. Mwandishi dhaifu angemleta mzee akamweleza kijana. Shakespeare amleta Marullus, mtu wa serikali aliyekasirika, akiwakemea mafundi walioacha kazi wakaja barabarani kushangilia. Awakumbusha walivyokuwa wakipanda kuta na madirisha, na watoto wao mikononi, wakingoja kutwa kumwona Pompey akipita. Historia yote ya vita imo katika karipio moja, na kwa kuwa ni karipio, msomaji apata pamoja nayo kitu kilicho kikubwa kuliko historia: umati wa Roma ni kigeugeu. Jambo hilo litamwua mtu kabla ya tamthilia kwisha.

Baadaye kidogo Cassius amsimulia Brutus jinsi alivyomwokoa Caesar asizame katika mto Tiber, na jinsi Caesar alivyotetemeka kwa homa. Je, ni kweli? Tamthilia haisemi. Wala haihitaji kusema, kwa sababu Cassius ana haja: ataka Brutus amwone Caesar kuwa mtu kama watu. Habari ya nyuma iliyotoka katika kinywa chenye haja humfunua msemaji kuliko asemwaye. Waandishi wengi wa riwaya wameipoteza faida hii. Msimulizi wao akisema jambo la zamani, msomaji hana njia ila kuliamini, kama aaminivyo tangazo la serikali ya kijiji lililobandikwa mtini. Na jambo lisilowezekana kutiliwa shaka halimtii mtu hamu ya kufikiri.

Mabepari wa Venisi yaonyesha jambo hili kwa fedha, na watu wa Mara wanaojua madeni ya ng'ombe hawatashindwa kuielewa. Bassanio hatangazi kwamba zamani alifuja mali. Alazimika kulisema kwa sababu yuaja kukopa tena kwa yule yule aliyemkopesha kwanza. Na chuki ya Shylock, jinsi Antonio alivyomtukana na kumtemea mate sokoni, haitolewi katika hotuba ya mwanzo. Yatoka siku Antonio anapokuja kumwomba fedha. Shylock ameyaweka maneno hayo miaka mingi, na sasa mdai na mdaiwa wamebadilishana viti. Kama msimulizi angalikwisha kutueleza chuki hiyo katika utangulizi, mazungumzo yale yangalikuwa mapatano ya mkopo tu.

Hapa mtu aweza kusema kwamba tamthilia ni tamthilia na riwaya ni riwaya, na kwamba msimulizi wa riwaya amepewa uhuru ili autumie. Ni kweli. Lakini iko sababu nyingine ya kuupunguza uhuru huo, nayo imo ndani ya sarufi ya Kiswahili chenyewe.

Kiswahili kina kiambishi -ka-, ambacho kazi yake katika masimulizi ni kupeleka mambo mbele. Alifika, akaketi, akala. Kila -ka- ni hatua moja kutoka kitendo kilichotangulia, na huazima wakati wake kutoka kwa kitendo hicho. Hakuna kiambishi kifanyacho kazi hiyo kinyume. Anayetaka kurudi nyuma ya jambo ambalo lenyewe limepita hana budi kutumia vitenzi viwili: alikuwa amefika, alikuwa ameketi. Katika sentensi moja au mbili maneno hayo hupendeza. Yakirudiwa katika sentensi kumi sikio huchoka, na mwandishi mwenye sikio hulijua hilo, kwa hiyo huyaweka mara moja tu kama kizingiti, kisha huendelea kwa -li- na -ka-. Hapo ndipo ajali hutokea. Chukua mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya maelezo tu:

Mafuru alifika Kisorya jioni. Alikuwa amegombana na baba yake juu ya ng'ombe wa mahari, akaondoka bila kuaga, akalala Bunda siku mbili. Akapanda kivuko.

Je, alipanda kivuko lini? Jioni hiyo, au zamani, katika safari nyingine baada ya kulala Bunda? Sarufi haijibu. Kiambishi cha mwisho kimeazima wakati wake, na msomaji hajui kimeazima kwa nani. Hapa ni sentensi tatu tu. Katika sura ya kurasa ishirini upotevu huu hujirudia kila ukurasa, na msomaji husema kwamba kitabu kimemchosha, bila kujua kuwa kilichomchosha ni kutafuta njia.

Mwandishi wa Mara yumo katika hatari hii zaidi ya mwenzake wa pwani, na sababu ni ya heshima kwake. Kijita, Kikerewe na lugha nyingine za pande hizo hupambanua ndani ya kitenzi chenyewe jambo lililopita leo, lililopita jana, na lililopita zamani zaidi. Aliyelelewa katika lugha hizo amezoea kitenzi kimwambie yuko umbali gani na jambo. Akihamia Kiswahili, chombo hicho chabaki nyuma, na asipokuwa mwangalifu husimulia kana kwamba angali nacho. Kitereza, aliyevuka kutoka lugha moja hadi nyingine akiwa na kitabu kizima mabegani, alikuwa na kila sababu ya kujikwaa. Hadithi yake iendayo mbele tu ilimwepusha na sehemu kubwa ya ajali hiyo.

Kiswahili hakikosi vyombo vyake lakini. Kilicho kizuri kuliko vyote ni kirejeshi: Mafuru, aliyeondoka kwao bila kuaga, alifika Kisorya jioni. Habari ya nyuma imeingia ndani ya sentensi iendayo mbele, na hadithi haikusimama hata nukta moja. Kiko pia kitenzi cha sharti: asingaligombana na baba yake, asingalilala njaa Kisorya. Katika maneno hayo machache mna ugomvi, mna njaa, na mna majuto, na majuto hayo ni ya Mafuru mwenyewe, hayakuwekwa na msimulizi. Lakini nafasi ambapo shida yote ya sarufi hutoweka ni mazungumzo. Mama auzaye samaki gatini amtazama kijana asemaye lafudhi ya mbali, amwuliza, Mwanangu, mbona husafiri na mzigo? Naye ajibu, Nimeondoka ghafla, mama. Nimegombana na mzee. Kiambishi -me- chatosha, kwa kuwa msemaji ana sasa yake mwenyewe ya kupimia. Hapana haja ya alikuwa ame-, hapana kizingiti, hapana kupotea. Na aweza pia kumjibu uongo: Naenda kumzika mjomba, mama. Msomaji ambaye kirejeshi kimekwisha kumdokeza ukweli atamjua Mafuru kwa uongo huo zaidi ya ambavyo angalimjua kwa sura nzima ya maisha yake.

Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020, alizijaribu njia nyingi, na hakufaulu sawasawa katika zote. Kichwamaji, ya mwaka 1974, ni ushindi. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, aenda katika ofisi ya mkuu wa wilaya, na mkuu huyo ni Manase, rafiki yake wa utotoni. Angojeshwa. Kungojeshwa huko ndiko kunakoleta utoto wao, kwa maana urafiki wa zamani ndio unaoyafanya matusi ya sasa kuwa matusi; kwa mgeni, kungoja ni kungoja tu. Jambo lililo zito zaidi kati ya watu hao wawili, yaani Manase alivyomharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto, halimo katika ukurasa huo. Laja baadaye, nyumbani, ambako lina uwezo wa kumtia mtu kisasi moyoni. Hata ugonjwa utakaoivunja ndoa ya Kazimoto na uzao wake una chanzo kilicholala nyuma, nacho chatajwa kimekwisha kuua. Kila kipande cha zamani kimewekwa mahali ambapo chaweza kudhuru.

Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ni habari nyingine. Maisha ya Rosa yasimuliwa kwa mfuatano tangu Namagondo, chini ya baba mlevi na mkali, hadi shuleni, hadi chuoni, hadi kujiua kwake. Na mwisho baba na binti wafikishwa mbele ya Mungu, yaliyopita yakasemwa tena. Wasomaji wengi wamekiona kipande hicho kuwa cha ziada, kwa kuwa kila kitu kinachosemwa humo kimekwisha kuonekana. Lawama hiyo ina uzito: mhubiri amemshika mkono mtunzi. Hata hivyo kuna jambo ambalo msimulizi hangeliweza kulifanya peke yake. Mapigo ya Zakaria, ambayo mwanzoni yalikuwa tabia ya nyumba, sasa yamekuwa hoja ya shauri, na yeye mwenyewe yupo ili ajibu. Yale yale yaliyopita yamebadilika uzito kwa kubadilishwa mahali pa kusemewa. Kama Kezilahabi angalilipeleka shauri hilo hapa duniani, katika ua wa Zakaria na mbele ya majirani wa Namagondo, huenda kitabu kingalikuwa kikubwa zaidi.

Grace Ogot, katika The Promised Land ya mwaka 1966, iliyoandikwa kwa Kiingereza, aliikwepa shida yote kwa njia nyepesi. Kitabu ni cha Ochola na mkewe Nyapol, Wajaluo wa Nyanza wanaohamia Tanganyika. Mtunzi mwingine angaliwaanzisha ugenini kisha akarudi nyuma kueleza kwa nini walihama. Ogot aanza kwao, mabishano ya kuhama yakiwa bado moto, ili watakapofika ugenini msomaji awe na kumbukumbu yake mwenyewe ya walichokiacha. Wajaluo wa Rorya na majirani zao wa Musoma wana hadithi nyingi za namna hiyo, na pale ambapo sababu ya kuondoka ni nzito kuliko mambo ya kufika, njia ya Ogot ndiyo ifaayo.

Lipo onyo moja kwa wale watakaoipenda sana hekima ya kuchelewesha. Kuchelewesha ni tofauti na kuficha. Msimulizi akiisha kumwingiza msomaji ndani ya moyo wa mtu, akamwonyesha mawazo yake ya usiku, hana ruhusa kulificha jambo ambalo mtu huyo hangeweza kukosa kuliwaza. Riwaya ya upelelezi ina leseni yake katika jambo hili, na Muhammed Said Abdulla aliitumia kwa ustadi katika Mzimu wa Watu wa Kale, ya mwaka 1960, kwa kuwa humo msomaji hutembea na mpelelezi, naye hajui zaidi yake. Lakini mtu akisimuliwa kutoka ndani kwa kurasa 150, kisha ikafichuliwa kwamba siku zote alijua kuwa ndiye aliyemwua ndugu yake, msomaji ana haki ya kudai fedha yake.

Yabaki msomaji wa Tanga, asiyejua Mzanaki ni nani. Haki yake isipuuzwe, lakini mahali pa kumhudumia hapako katika sura ya pili. Kuna dibaji kwa mwandishi apendaye kuandika dibaji, kuna ramani, kuna orodha ya maneno mwisho wa kitabu, ambayo wasomaji huitumia kwa furaha wakiisha kuwa na sababu ya kutaka kujua. Na ndani ya hadithi yenyewe kuna karani, mwalimu mgeni, muuguzi aliyehamishwa kutoka Lindi, dereva wa basi la Mwanza hadi Musoma: watu wasiojua mambo ya nchi, ambao kila siku huuliza maswali ya kijinga na kukosea. Muuguzi wa Lindi akimwambia mzee wa Bunda kwamba auze dume lake alipie matibabu ya mjukuu, mzee atamjibu, na jibu hilo litakuwa refu au fupi kwa kadiri ya hasira yake na ya homa ya mtoto. Kama Serengeti ya mwaka 1951 imo katika jibu hilo, itasikika. Kama haimo, basi siku hiyo haikuwa na kazi.